Mikeka ya Mchele

Tinde,
Shinyanga.
21 Novemba, 1982.

Kaka yangu Akida,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe, wifi yangu Mwaisha na watoto wote hapo Kigoma. Mguu wa wifi umepona, au bado unamsumbua kila hewa inapobadilika? Dereva mmoja wa lori la pamba aliyepumzika hapa kwetu aliniambia kuwa alikuona bandarini, una afya, ila mwenyewe ulimlalamikia kwamba usingizi umekukimbia. Pole sana, kaka. Mungu akurudishie.

Sisi huku tu wazima. Mvua imechelewa, ng'ombe wa mama mkwe wamebaki pembe na mbavu, na sabuni na sukari tunazipanga foleni dukani kwa ushirika kama watu wote. Mwahija amekua, ananifika begani sasa. Anakuulizia, ingawa nadhani anachokumbuka ni kofia yako tu, maana hajakuona tangu ile siku uliyotuletea habari. Mama mkwe, Mayu Mbuke, macho yamepungua nuru lakini masikio yake bado yanasikia mpaka visivyosikika. Hilo nitakueleza.

Nina habari ndefu, na sitaweza kuieleza kwa kuruka. Nivumilie nianze mbali, kwenye mambo ambayo mengine unayajua.

Unakumbuka Ngassa aliporudi kutoka kwenye kazi ya reli ya Zambia. Wenzake walirudi na baiskeli na redio. Mume wangu alirudi na masinia mawili ya aluminiamu na kipande cha ubao mwembamba kilicholainishwa makali, na watu wa Tinde wakamcheka. Miaka yote ile alikuwa jikoni kambini, akimsaidia mpishi Mchina, Bwana Leung, aliyetoka kusini ya nchi yao. Kwao huko, alisema, mchele haupikwi ukiwa punje tu. Huulowanisha, huusaga mbichi na maji yake mpaka uwe kama maziwa, kisha huumimina kidogo kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuliweka juu ya maji yanayochemka. Mvuke unaivisha utando mwembamba unaong'aa, unaona chini yake. Ukiukwangua kwa ubao unajikunja wenyewe, kama mkeka unaokunjwa barazani wageni wakishaondoka. Jina la Kichina alinifundisha, ulimi wangu ukakataa. Sisi tukaiita mikeka.

Ya Wachina ilikuwa na nyama ya nguruwe au kamba wa baharini ndani. Ngassa, ambaye alikuwa amesilimu ili anioe na kupewa jina la Ramadhani ingawa hakuna aliyemwita hivyo, aliitengeneza upya. Alitia nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa na kitunguu, pamoja na karanga za kukaanga zilizotwangwa nusunusu. Siku isiyo na nyama alitia dagaa. Kwenye mchele alichanganya unga kidogo wa muhogo ili utando usichanike. Ule mchuzi wao mweusi haukupatikana Shinyanga nzima, basi akawa anaunguza sukari mpaka iwe nyeusi kweli, anaizima kwa maji ya ukwaju, anatia chumvi na pilipili. Mayu alipokionja mara ya kwanza alisema chakula kinachoteleza ni cha watu wasio na meno. Wiki iliyofuata akauliza mbona hakipikwi tena.

Wewe mwenyewe ulikula hapa siku ya pili ya Idi, ukamaliza sinia zima na kulamba ubao.

Kitu kimoja hukukiona, kwa sababu hukukaa naye jikoni. Ngassa alipokuwa akipika aliongea peke yake, maneno yale yale kila mara, kama mtu anayesoma uradi. Akimimina alisema, "Kama unamnywesha mtoto mgonjwa." Akifunika alisema, "Mvuke una wivu. Ukimchungulia anaondoka na mali yake." Maneno hayo hayakutoka nje ya ukuta wa jikoni letu. Mimi nilikuwa nayajua, na Mayu, na Mwahija, basi.

Kisha akiba ya kazi ya reli ikaisha, pamba ikatuangusha misimu miwili, na wewe ukamwita Nyarugusu kwenye dhahabu. Sikulaumu kwa hilo. Aliondoka kwa hiari yake, anaimba. Na masika ya mwaka sabini na tisa ukaja wewe, umebeba shati lake, ukakaa kwenye mkeka wangu ukasema duara, lile shimo lenu la kuchimbia, limeporomoka. Ulisema Ngassa alikufa papo hapo, hakusikia hata maumivu, na maiti haikuweza kutolewa kwa sababu shimo zima lilijaa tope. Nilikushika mkono, kaka. Nilikushukuru kwa kuja mwenyewe na kutomtuma mtu.

Baada ya wewe kuondoka, Mayu alikataa. Alisema mtu ambaye hakuletwa nyumbani hajafa. Hakunyoa nywele, hakuruhusu watu kulala matanga, na mimi sikukaa edda. Ningekaaje, na mama wa mume ananiambia niache mlango wazi? Basi nikabaki katikati. Watu waliacha kuniita mke wa Ngassa, na hawakuanza kuniita mjane. Nikipita kisimani wanawake walikosa jina la kuniitia, wakaishia kusema, "Wewe bibi."

Mayu akawa ananiagiza kupika mikeka kila mawingu yanapofunga. Alijaza sahani moja akaiweka kizingitini, uso wa sahani kuelekea barabara ya magharibi. Asubuhi kuku walikuwa wameila, naye alisema kuku hawali chakula cha mtu bila ruhusa yake. Nilipochoka nikaacha kupika. Nikayafunga masinia kwenye kanga na kuyaweka juu ya kabati.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Nakuandikia wewe haya kwa sababu najua hutacheka. Nilikuwa barazani nachambua mchele, adhuhuri, jua kali, meko yamezimika tangu asubuhi, nikasikia harufu ya mvuke wa mchele na sukari inayoungua. Nikadhani ni jirani. Nikaingia jikoni, nikakuta Mayu amesimama katikati ya chumba, pua juu, ananiambia kwa sauti ya chini nisipige kelele. Harufu ile ilikuja mara nyingi baada ya hapo, wakati wowote, ikakaa kidogo, ikaondoka. Siku nyingine Mwahija alipanda kwenye kiti kutafuta uzi juu ya kabati, akashuka akaniuliza nani amepika, maana masinia yana moto. Nikayagusa. Sitasema yalikuwa na moto. Lakini hayakuwa baridi kama vyombo vinavyokaa bila kutumika.

Tuliishi hivyo, kaka, wanawake watatu na harufu. Nilisoma Yasin. Mayu alitambika kwa njia yake. Hatukubishana, kila mmoja alimwomba wake.

Sasa nifike kwenye mgeni.

Alikuja mwaka huu baada ya mavuno, alasiri moja. Alikuwa mwembamba, nguo safi lakini zimechakaa, anatembea kwa miguu akitokea upande wa Kahama. Kilichonifanya nimtazame ni shingo yake: alitembea kichwa kimegeuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma na bado hajaamua kuitika. Akasimama nje ya ua, akapiga hodi, akaamkia kwa heshima. Nikamkaribisha. Hakukaa. Aliniuliza kama hapa ndipo kwenye nyumba inayopika mchele ukawa mikeka.

Nilidhani aliwahi kula na Ngassa huko machimboni. Nikamuuliza kama ndivyo. Akatikisa kichwa, akasema hajawahi kukila chakula hicho wala kukiona kwa macho.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, mama," akasema. "Ni chakula cha kweli, au ni maneno?"

Nikamwambia ni cha kweli. Basi mtu mzima yule akachuchumaa chini pale pale mlangoni, akaficha uso kwenye viganja vyake. Alipoinuka akajitambulisha kuwa anaitwa Ignas, Msumbwa wa huko Runzewe, na kwamba alikuwa kwenye duara moja na mume wangu.

Unajua jinsi matapeli wa machimboni wanavyozunguka na habari za wafu ili wapate kula na kulala. Mayu alikuwa kibandani anapukuchua karanga, nami niliogopa asije akasikia uongo mwingine akauamini. Kwa hiyo sikumuuliza mtu yule lolote. Nilikuwa nimelowanisha mchele wa vitumbua vya kesho yake. Nikamwonyesha bakuli, nikashusha masinia kutoka juu ya kabati, nikamwambia, "Kama unayajua, pika."

Akanawa mikono. Kisha, kaka, akafumba macho.

Alisaga mchele kwenye jiwe macho yamefumbwa. Alipima maji kwa kidole, akatia unga wa muhogo bila kuuliza kama upo, alipapasa tu mkono mpaka akaufikia mfuko. Nilidhani ni mbwembwe. Lakini alikuwa akifanya kazi kama kipofu aliyezaliwa kipofu. Kila kitu alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Akapaka sinia mafuta. Akamimina. Na midomo yake ikacheza, akasema kwa lafudhi ya Kisumbwa lakini kwa mwendo wa Ngassa, kwa pumzi ya Ngassa, "Kama unamnywesha mtoto mgonjwa."

Niliegemea mlango.

Kibandani, mlio wa maganda ya karanga ukanyamaza.

Akafunika sufuria. "Mvuke una wivu," akasema, "ukimchungulia anaondoka na mali yake." Nilipogeuka, Mayu alikuwa ameshafika mlangoni kwa kupapasa ukuta, amesimama kando yangu, karanga zinamwagika kutoka kwenye pindo la kanga yake bila yeye kujali. Ignas akafunua kwa wakati wake, akakwangua, utando ukajikunja. Akaunguza sukari, akaizima kwa ukwaju. Mpaka alipomaliza kuipanga mikeka kwenye sahani ndipo akafumbua macho, akaitazama kwa muda mrefu sana, akasema hakujua kuwa ni myeupe. Alikuwa akiiona ya kijivu siku zote, rangi ya tope.

Tukala. Yeye alikula taratibu, machozi yanamtiririka bila sauti, akijifuta kwa mkono wa shati. Mwahija alimtazama kisha akanong'ona kwamba imepungua chumvi kidogo, kama ya baba.

Baada ya kula Mayu alimwambia aeleze, na asimwonee huruma.

Ignas akaeleza. Alisema walikuwa watatu ndani ya uchochoro unaotoka ubavuni mwa duara, yeye, Ngassa, na mzee mmoja mchimbaji aliyeitwa Maulidi, wakati ukuta ulipoporomoka na kuziba njia. Mzee Maulidi hakuishi sana. Ngassa mguu wake mmoja ulikuwa umebanwa na gogo la kuegemezea dari, hauna tena faida, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Taa ilizimika. Walikunywa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba kwa kulamba. Siku ngapi, hajui; gizani hakuna siku. Anachojua ni kwamba yeye, Ignas, alianza kupiga kelele na kujigonga kichwa, na Ngassa akamuuliza kwa utulivu angependa kula nini. Akajibu ugali na sato. Ngassa akasema hicho kila mtu anakijua, atampikia asichokijua.

Akampikia kwa maneno. Alipomaliza akaanza upya. Kisha akamwambia achukue karai la kubebea mawe, alipake tope laini, alitandaze kwa kiganja liwe jembamba kama ngozi ya kitunguu, alikwangue kwa kipande cha ubao mpaka lijikunje. Likichanika alirudie. Ngassa alikuwa akinyoosha mkono gizani kulipapasa, na akisema bado, nene, rudia. Ignas alisema mikono yake ilipopata kazi, kichwa chake kiliacha kuwa na wazimu.

Hatimaye waligundua hewa baridi ikipenya kwenye ufa. Nyuma yake kulikuwa na handaki la kale, la wachimbaji wa zamani za wakoloni. Ignas alichimba kwa moko, ile patasi yao ndefu, mpaka ikapatikana nafasi ya mabega ya mtu mmoja. Ngassa hakuweza kutoka, gogo halikusogea. Ignas alitaka kubaki. Ngassa alimfokea, akamwambia akatafute watu. Na kwa kuwa handaki lile lilikuwa na matawi mengi, na mtu akitambaa gizani huzunguka bila kujua, akampa shauri. "Nitakuwa napika kwa sauti," alimwambia. "Sauti yangu ikiwa kisogoni mwako, unakwenda sawa. Ukiisikia kwenye sikio moja, umepotea, jigeuze."

Ignas akatambaa. Nyuma yake Ngassa akapaza sauti: lowanisha, saga, mimina, funika. Alipopotea alisikia sauti ubavuni, akajigeuza mpaka ikarudi kisogoni. Aliibuka vichakani, mbali na machimbo, kwenye shimo lililoachwa. Wachunga ng'ombe walimwokota ana homa. Akapelekwa kwa masista, akakaa miezi mingi hawezi kutamka jina lake mwenyewe, na akili ilipomrudia masika yalikuwa yamekwisha zamani, duara limefukiwa, na wachimbaji wametawanyika.

"Lakini sauti haijanyamaza, mayu," akamwambia mama mkwe. "Sikuiacha kule shimoni. Ipo hapa." Akagusa kisogo chake. Akasema kwao walimpeleka kwa waganga na kwa padri, wote wakasema ni kichaa, maana hakuna duniani chakula cha namna hiyo. Ndipo alipoanza kuitafuta nyumba aliyotajiwa, ili ajue kama anayemsikia ni mtu au ni wazimu wake.

Mayu akainuka. Alimwambia ageuke, aketi chini. Akapiga magoti nyuma yake, mwanamke mzee yule, akamshika mabega, akaweka sikio lake kwenye kisogo cha Ignas.

Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilisikia kuni zikipasuka na mbuzi wa jirani, basi. Mwahija alinishika kanga. Ignas alikuwa amefumba macho tena, hapumui. Kisha uso wa Mayu ukabadilika. Sijui nikwambieje, ulilegea, kama uso wa mtu aliyebeba mzigo kichwani barabara nzima na sasa anasaidiwa kuutua. Akasema kwa Kisukuma, polepole, kwamba sasa anaunguza sukari.

"Ndiyo, mayu," Ignas akajibu. "Sasa hivi."

Mayu akalia. Alilia kilio cha msiba, kile tulichomkosesha Ngassa miaka mitatu, majirani wakaja mbio. Akawaambia mwanawe amekufa, na kwamba sasa anajua alipo. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha nyolewa nywele. Watu walilala matanga kwetu, Waislamu na wasio Waislamu. Nilimwendea shehe kumuuliza habari ya edda yangu, akafikiri, akaniambia ilikwisha zamani bila mimi kujua. Nilikaa hivyo hivyo, nikavaa nyeupe, kwa ajili ya nafsi yangu. Nimetoka juzi.

Harufu haijarudi. Siku nyingine huwa naitegea.

Kaka, ningependa barua yangu iishie hapa. Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuendelea.

Ignas alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani kungoja gari la Kahama. Mayu alikuwa amemuuliza mengi, lakini swali moja hakuuliza, nami nililibeba mpaka tukawa peke yetu. Nilimuuliza kama kule juu hakuna aliyewachimbia. Alitazama barabara. Akasema ningeacha tu. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu yule, na sikuwahi kumzika. Ndipo akaniambia.

Walichimba. Alisema waliwasikia, majembe na sauti za watu, karibu kabisa, na sauti moja ikitoa amri. Ngassa akaitambua. Alicheka kwa furaha gizani, akasema, "Huyo ni shemeji yangu, Akida. Huyo hatatoka mpaka atufikie." Wakagonga mwamba kwa moko. Na kutoka juu mtu akajibu kwa kugonga. Wakagonga tena, akajibu tena. Ignas alisema alidhani tayari wameshaokoka. Halafu udongo ukaanza kumiminika kwa juu, watu wakapiga kelele, na sauti ile ile ikasema, wazi, kila neno, "Hakuna mtu humo. Ni mawe yanagongana. Tokeni wote."

Wakasikia miguu ikikimbia. Kisha hawakusikia kitu.

Nilimuuliza Ngassa alisema nini. Ignas alisema alinyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba alidhani amekata roho, akamtafuta kwa mkono akamkuta anapumua. Baadaye Ngassa akakohoa, akaendelea na mapishi pale alipokuwa ameachia, kwenye mchuzi. Jina lako hakulitaja tena, si kwa wema wala kwa ubaya.

Kaka yangu, sikuandikii kukutukana. Sikuwa pale. Najua mvua ilikuwa inanyesha na ukingo unateremka, na ulikuwa na roho za watu wengi mikononi mwako, wenye wake na watoto kama mimi. Huenda ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, ningewatoa. Hilo nimelipima mchana na usiku, na sioni pa kulisimamisha. Lakini ulipokuja kwangu hakukuwa na mvua. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka wangu, na shati lake mapajani, na chai yangu mkononi, ukaniambia alikufa papo hapo. Ulijua aligonga. Uliniacha niamini hivyo, na ukamwacha mama yake akiweka sahani mlangoni. Na sasa nasikia hulali. Sikushangaa niliposikia.

Mayu hajui. Mimi sitamwambia, kwa kuwa si langu kulisema. Lakini akiniuliza sitamdanganya, na siku moja ataniuliza, kwa sababu masikio yale unayajua sasa. Familia imepanga hitima na kugawa nguo za marehemu mvua zikishatulia, baada ya kupanda. Njoo. Usije kwangu; njoo kwake. Keti mbele yake umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, maana mwanawe alikuwa hai na alikuwa anakungoja. Sijui atafanya nini. Pengine atakufukuza, pengine atakuita mwanawe. Kwa vyovyote nitakuwa nimekaa kando yako, sitaondoka.

Usipokuja nitaelewa, na nitabaki mdogo wako, damu haitenguki. Ila shikamoo yangu itakuwa ya mdomo tu.

Nisalimie wifi na watoto. Usiwasomee haya. Mwahija anakuamkia na anaomba kalamu za rangi kama zinapatikana huko. Barua hii anakuletea dereva yule yule wa lori, pamoja na kifurushi.

Kifurushi si changu. Mayu amekaa hapa pembeni yangu tangu nilipoanza kuandika, na aliponiuliza namwandikia nani nikamtajia jina lako. Akaingia kibandani akakaanga karanga, akazifunga mwenyewe kwenye kitambaa. Ameniambia niandike salamu zake kama anavyozisema, nisipunguze. Anasema: mwambie Akida, ng'wanone, mtoto wangu, Mungu amlipe kwa jinsi alivyomchimbia mwenzake kwa mikono mpaka kucha zikamtoka, kama alivyonieleza. Mwambie kila asubuhi nikitambika namtaja yeye baada ya Ngassa.

Ni mimi mdogo wako,

Mwanne binti Salehe